Tuonyesheni na mali za wenzi wenu

Juzi redioni mtangazaji alimuuliza mgeni wake, mwanasiasa anayejiandaa kugombea ubunge, kama yuko tayari kutaja mali zake na kodi anayolipa. Akasema hana shida. Alipoulizwa za mkewe, sauti ikabadilika: "Mke wangu hagombei. Tuheshimiane." Mtangazaji akaomba radhi, wakahamia kwenye habari za barabara. Mimi nimeshindwa kuhama.

Nani kasema halituhusu? Waliotunga Azimio la Arusha mwaka 1967 waliliona jambo hili mapema. Walipomkataza kiongozi kuwa na hisa kwenye makampuni, kupokea mishahara miwili au kumiliki nyumba ya kupangisha, walieleza kabisa kwamba kiongozi ni mtu pamoja na mkewe, au mwanamke pamoja na mumewe. Walijua nyumba ile ingehamia kwenye jina la mama watoto kabla wino haujakauka. Masharti yale yalilegezwa na Azimio la Zanzibar mwaka 1991, na sidai yarudi yote. Watu wafanye biashara. Lakini wanaotuomba kura watuambie ni biashara gani.

Katiba ya Tanzania yenyewe iko upande wangu. Ibara ya 70 inamtaka kila mbunge ampelekee Spika taarifa ya mali yake na ya mwenzi wake wa ndoa. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995 inataka tamko ndani ya siku 30 za kushika wadhifa, na kila mwisho wa mwaka. Kwa hiyo mwenzi hajawahi kuwa mtu wa pembeni. Kinachoniuma ni kwamba fomu hizo zinajazwa kura zikishapigwa, na hazibandikwi mahali ambapo mimi na wewe tungezisoma. Anayechagua ndiye wa mwisho kujua, akibahatika kujua. Kwenye kodi ndiyo kabisa. Katiba inamzuia kugombea urais mtu aliyetiwa hatiani kwa kukwepa kodi ndani ya miaka 5 kabla ya uchaguzi. Aliyetiwa hatiani mahakamani, tena yeye mwenyewe. Kama kampuni ya mkewe inadaiwa na TRA, mamlaka ya mapato, miaka nenda miaka rudi, hakuna mahali anapolazimika kutueleza kabla hatujapiga kura.

Dada yangu ni mwalimu wa sekondari. Alipotaka mkopo kwa kuweka nyumba rehani, benki ilikataa kumsikiliza mpaka mumewe aje. Picha za pasipoti za wote wawili, nakala ya cheti cha ndoa, sahihi ya ridhaa mbele ya wakili, muhuri. Shemeji akapanda basi kutoka Tunduma kuja kuweka sahihi hiyo moja. Hakuna aliyethubutu kusema kwamba mume hakopi. Sheria inajua kwamba nyumba ya wanandoa ni ya watu wawili, na mkopo wa mwalimu mmoja tu unatosha kumwita mwenzi wake mezani. Anayeomba kupitisha bajeti ya nchi nzima, kupanga nani alipe kodi na nani asamehewe, huyo mwenzi wake tusimtaje?

Waingereza waliyaona mwaka 2022. Rishi Sunak alikuwa Waziri wa Fedha, na Aprili makato ya bima ya taifa kwenye mishahara yakapanda. Wiki hiyohiyo ikajulikana kwamba mkewe, Akshata Murty, mwenye hisa za thamani kubwa katika Infosys, kampuni ya India ambayo babake ni mmoja wa waanzilishi, alikuwa na hadhi ya kikodi iliyomruhusu kutolipa kodi Uingereza kwa mapato yake ya nje. Hakuvunja sheria. Wananchi walipokasirika, alitangaza kwamba atalipa. Bila magazeti kulifichua, wangejua lini?

Hoja moja naikubali, kwa shingo upande. Wanawake wamepigania sana haki ya kuwa na chao, na mpaka mwaka 1983 ndipo Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed, ilipotambua kazi za nyumbani kuwa mchango katika mali ya ndoa. Mama mwenye duka lake la vifaa vya ujenzi asifanywe kivuli cha mumewe. Sawa. Ila kutaja duka si kunyang'anywa duka. Na kama duka hilo ndilo linaloiuzia halmashauri saruji, tuna haki ya kulijua.

Najua wengine watakimbilia kuandikisha kwa shemeji na wajomba. Tuanze na mwenzi.

Fomu za uteuzi tayari hubandikwa ofisini kwa msimamizi wa uchaguzi ili mwenye pingamizi aweke. Iongezwe karatasi ya mwenzi: mali, madeni, hisa, na uthibitisho wa TRA kwamba hadaiwi. Mwenye wake watatu alete karatasi tatu. Zibandikwe palepale, muda wa pingamizi ukiwa haujaisha.