Nusu Mgongo, Nusu Bei

Leo asubuhi, sijamimina hata tone la mafuta, mtu kanipigia simu kuuliza kama nakanda kwa mkopo. Akandwe leo, alipe mwisho wa mwezi. Nikamjibu kitaalamu, maana cheti ninacho ukutani: ndugu yangu, usipolipa nije kukurudishia maumivu yako? Akanikatia simu. Yeye ndiye kakasirika!

Nafanya masaji, hapa hapa Ngamiani, Tanga. Haya, mshaanza kucheka. Mwenye nyumba naye alicheka hivyo hivyo nilipokwenda kupanga chumba: "Masaji ya namna gani hasa?" Kuchua, mzee wangu. Kiuno, bega, shingo. Bibi zetu wamechua watu kwa mafuta ya nazi miaka yote na hakuna aliyekonyeza jicho. Mimi nimenunua kitanda chenye tundu la uso, nimekuwa mhuni.

Sasa jana kaja mzee mmoja. Shikamoo, marahaba. Nikamwuliza presha, sukari, kama amewahi kuvunjika mahali. Nikamtajia bei, mgongo elfu ishirini. Akanyamaza, halafu kwa upole wa kutisha akasema, "Mwanangu, unaoniuma ni wa kulia. Wa kushoto hauna neno. Chukua elfu kumi."

Nikamweleza misuli inavutana, nikilegeza upande mmoja atatoka hapa anatembea kama kaa. "Basi elfu kumi na mbili, kushoto upapase tu."

Kanzu hataki kuvua. Nimkande juu kwa juu. Na mafuta je? "Mafuta ya nini, kwani mimi samaki?" Tukavutana mpaka kanzu ikakubali kufika kiunoni. Kulala kifudifudi nako kesi, anadai tundu lile ni la kumpigia mtu picha. Alipolala, nikauliza yalianza lini maumivu. Kosa gani hili, jamani! Akaanzia mwaka 1893, Mjerumani Hindorf alipoleta mkonge. Nikamkanda mpaka akamaliza Wajerumani, tukaingia kwa Waingereza, yeye mwenyewe hajazaliwa bado.

Simu ikalia. Akapokea kule kule chini tunduni: "Nipo Muheza, gari limeharibika." Kimya. "Sauti? Nimeinama naangalia tairi." Kisha akalala. Alikoroma mzee yule mpaka fundi cherehani jirani akaja kuuliza nimepata jenereta lini.

Muda ukaisha, nikamgusa. Akaamka, akajinyoosha, akaniambia, "Haya, anza."

Mzee, tumemaliza. "Tumemaliza na nani? Mimi nilikuwa nimelala, sikusikia kitu. Saa yangu inaanza sasa."

Waja leo waondoka leo, ndivyo tunavyojisifu watu wa Tanga. Huyu aliondoka baada ya alasiri, kaniachia elfu nane na dua.

Na huyo ana afadhali. Wiki iliyopita kaja mwingine, mguu mmoja umevimba, una moto, nikiugusa anaruka. Nikamwambia huu sikandi, nenda hospitali ya Bombo ukapimwe, damu ikiwa imeganda humo nami nikasukuma itapanda mapafuni. Sasa kijiweni natangazwa kwamba nabagua miguu.

Dereva wa bajaji naye anataka kubadilishana, anipeleke Raskazone, nimkande kiuno. Msibani watu wananipa pole huku wamegeuza shingo. Nyumbani sisemi, nisije nikalala nje.

Hivi kwa nini hakuna anayemwambia muuza chapati, "nionjeshe moja nione kama unajua"? Kwangu ndiyo salamu! Nikienda Mgandini kununua nazi, muuzaji anashangaa napika nini kila siku. Nikajisahau, nikamwambia mimi nakanda. Akaweka nazi yangu chini, akainua mkono: "Hebu nishike hapa bwana, tangu Jumapili haunyanyuki." Nageuka nyuma, muuza vitunguu kashavua kandambili.