Kisiwa Hakina Soketi

Saa kumi na moja na nusu alfajiri simu imelia. Saa hizo mtu mzima hajiulizi kitu kingine ila nani katutoka. Nikapapasa miwani, nikafungua kundi letu la safari, nikasoma: "Jamani, hivi huko kisiwani soketi zinatosha au nibebe ekstensheni?"

Ekstensheni. Miezi mitatu tunapanga kwenda kupiga kambi kwenye kisiwa kisicho na mtu, kisicho na nyumba, kisicho na hata kibanda, na mjumbe halali wa kamati anauliza soketi. Na chini yake tayari kuna mwingine kajibu: "Swali zuri."

Naomba ieleweke kwamba mwenyekiti ni mimi. Sikuomba. Kikao cha kwanza nilitoka mara moja kwenda msalani, niliporudi nikakuta wananipigia makofi. Wazo lenyewe lilikuwa jepesi: watu sita, siku nne, tukapumzike na makelele. Tangu tuanze kutafuta huo utulivu sijapata usiku mmoja wa kulala bila simu kuunguruma chini ya mto.

Hema limeandikwa "watu wanne". Hao wanne sijui walipimiwa wapi, maana mimi na Mhasibu tulilijaribu sebuleni, na ilibidi tukubaliane nani avute pumzi kwanza. Fomu ya kibali nayo ina nafasi ya kujaza namba ya nyumba utakayofikia. Nikaandika "mti wa tatu". Imerudishwa.

Maji ndiyo yalitaka kuvunja undugu. Lita nne kwa mtu kwa siku, kunywa na kupikia. Sita mara nne mara nne, lita 96. Ongeza siku moja ya akiba bahari ikichafuka, lita 120, yaani madumu sita ya lita 20, kilo 120 za mzigo kabla hujapakia hata kijiko. Shemeji akasema tunajitesa bure, tuchemshe ya bahari. Nikamweleza kwa upole kwamba kila lita ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35, na ukiichemsha unapunguza maji tu, chumvi imekaa palepale inakungoja. Akasema basi tukinge mvuke. Huyu Shemeji bomba la kwake linavuja tangu mwaka jana, hajakinga hata tone.

Lakini hayo yote ni cha mtoto. Sijasema habari ya nahodha.

Juzi nikajitwisha jukumu la kwenda kuongea naye, kiutu uzima. Nikavaa viatu vya ngozi. Nikabeba faili lenye ratiba iliyopigwa chapa. Nikamkuta kakaa ndani ya boti, anakomba maji kwa kopo lililokatwa kutoka dumu la mafuta, taratibu, kopo moja, anatazama mbali, kopo jingine.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hivyo viatu unavipenda?"

Sikuelewa swali, nikaendelea na ajenda. "Hayo maji yametoka wapi, mzee?"

"Baharini."

Nikaandika. Nikamwambia tungependa kuondoka Ijumaa, saa mbili kamili asubuhi.

"Saa mbili ya nani?"

"Ya... ya saa."

"Mimi nafuata maji. Yakijaa tunaondoka, yakipwa tunakaa. Leo yanajaa saa nne. Kesho saa tano kasoro dakika kumi. Yanachelewa hivyo kila siku, yanamfuata mwezi."

"Kwa hiyo Ijumaa itakuwa saa ngapi?"

"Si una karatasi? Hesabu."

Nikahesabu, nimesimama kwenye jiwe, kwa sababu pale niliposimama mwanzo palikuwa pameshaingia maji. Akaniuliza huo mwezi utakuwaje wikiendi hiyo. Nikajibu kwa fahari kwamba utakuwa mpevu, siku hiyo ilichaguliwa makusudi na mjumbe wetu wa picha. Kopo likasimama hewani.

"Huyo mna ugomvi naye?"

"Hapana, mzee. Ni mjumbe wa picha."

"Hiyo ni bamvua, kijana. Yakijaa yanakufuata ulikolala. Yakipwa, boti inakaa kule." Akanyoosha kidole mahali ambapo mimi niliona upeo wa macho tu. "Na hayo madumu yenu mnayafuata kwa miguu, kwenye matope."

Nikamwona Mhasibu, na kiuno chake kile, na madumu sita.

Nikauliza hema tulipige wapi. Akasema tutaona mstari wa mwani mkavu na takataka, huko ndiko maji yalikoishia mara ya mwisho, sisi tupande juu zaidi. Zaidi kiasi gani? "Kiasi cha kupata usingizi." Na vigingi tuviache nyumbani, mchanga haushiki kigingi, tujaze mifuko mchanga, tufunge kamba, tuifukie. Vigingi tumenunua arobaini. Risiti ninayo.

"Kuna choo?"

"Kizima."

"Kizima nini?"

"Kisiwa."

"Na mtandao?"

"Upo. Ukipanda ule mti mrefu ukanyoosha mkono."

Majaketi ya kujiokolea anayo manne. Mengine mawili yako kwa kaka yake. Hapo faili nililifunga, nikamwambia bila majaketi sita mezani hakuna safari, na nilisema kwa sauti ambayo hata mimi sikuitambua. Akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza, akasema yatakuja.

"Na Jumatatu utatufuata?"

"Bahari ikikubali."

"Isipokubali?"

"Jumanne."

"Na Jumanne isipokubali?"

Akaweka kopo chini. "Bwana mdogo, unakwenda kisiwani au unakwenda semina?"

Bwana mdogo! Mimi, mwenye watoto watatu, mwenyekiti, mwenye mvi za halali! Lakini utabishana vipi na mtu wakati maji yamekufika kwenye vigimbi vya miguu na faili umeliweka kichwani? Nikatoa swali la mwisho, lile lililokuwa likininyima usingizi: je, akitusahau?

"Nilipeni nusu sasa, nusu mkirudi," akasema, akashika kopo lake tena. "Sijawahi kumsahau mtu ninayemdai."

Nimerudi nyumbani soksi mkononi. Nikaandika ripoti kwa kundi, vipengele kumi na tatu: maji, mwezi, mwani, mifuko, majaketi. Mmoja akajibu kwa kidole gumba. Mwingine akaweka picha ya keki, kumbe ni siku ya kuzaliwa ya mtu. Kipengele kilichojadiliwa ni kimoja tu, cha mti: nani atapanda wa kwanza, na kila mtu apewe dakika ngapi. Wana ratiba ya mti! Ya nani abebe dumu hawana!

Jamani, mimi nimechoka. Mnakimbia watu au mnahama nao?

Kulikuwa na baharia wa Uskoti, Alexander Selkirk. Mwaka 1704 aligombana na nahodha wake kwamba merikebu ni mbovu, bora aachwe kisiwani. Akaachwa kweli, kwenye visiwa vya Juan Fernández huko Pasifiki, akakaa peke yake miaka minne na ushee mpaka alipochukuliwa 1709. Na merikebu ile ilikuja kuzama, alikuwa sahihi. Mwenyekiti mzuri angekuwa yule. Alishuka na matandiko, bunduki na baruti, shoka, kisu, birika, Biblia na vitu vingine vichache. Mbuzi aliwakimbiza kwa miguu mitupu akawakamata. Orodha yetu sisi ni kurasa kumi na moja na ina mashine ya kukaushia nywele. Ndiyo maana ya ekstensheni, sasa nimeelewa.

Halafu kuna godoro la upepo. Ukurasa wa saba limeandikwa ni langu mimi kulileta, na kweli ninalo, ila pampu yake ya kukanyaga kwa mguu jirani aliniazima kujazia mpira wa mwanawe, "dakika mbili tu, kaka." Mwanawe mwenyewe sasa ana ndevu. Nimemwona asubuhi hii anafungua geti, kavaa vizuri, kama mtu anayesafiri. Ngoja nimuwahi.