Video nzuri huanzia kwenye mpango

Makala moja niliyoisoma inadai kwamba video za muziki za vijana wetu wa Mtwara hazivutii kwa sababu ya uhaba wa kamera za kisasa, lakini mimi naona kikwazo kikubwa zaidi ni kuanza kazi bila mpango. Anayepiga picha ufukweni Mikindani hana budi kujua saa za maji kujaa na kupwa, kwa kuwa ghuba iliyojaa asubuhi huweza kuwa tope tupu mchana, na vipande viwili vya ubeti mmoja visioane kabisa. Msanii akitakiwa aonekane akitembea polepole huku midomo ikifuata maneno, wimbo huchezwa kwenye spika kwa kasi maradufu, picha hunaswa 50 kwa sekunde, kisha huoneshwa 25 kwa sekunde, hivyo mwendo hupungua nusu na midomo hulingana na wimbo wa kasi ya kawaida. Hilo linahitaji mazoezi kuliko fedha. Sanaa ya video za muziki ilikuwapo hata kabla ya MTV, kituo cha televisheni cha muziki, kuanza Marekani mwaka 1981, kwani Wafaransa wa miaka ya 1960 walitazama filamu fupi za nyimbo kwenye mashine za Scopitone kwa kutumbukiza sarafu. Nawasihi waongozaji wetu, wanaporekodi ngoma ya sindimba, watumie picha pana inayoonesha mwili mzima wa mchezaji, wasiikatekate kila sekunde.