Mbwa kakatiwa keki, mama bado

Ninaitetea keki ya kuzaliwa ya mbwa. Naitetea nikiwa mtoto wa Isevya, Tabora, niliyekulia matobolwa, yaani viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, na maembe ya njiani, na si kwa sababu baridi ya Sheffield, huku Uingereza ninakoishi, imenipanda kichwani, kama binamu zangu wanavyodai tangu watoto wangu walipotuma kwenye kundi la ukoo picha ya mbwa wetu kavishwa kofia ya karatasi mbele ya mshumaa.

Hoja yao kubwa ni hela. "Hela ya keki ya mbwa si ungetuma nyumbani?" Haya, tuihesabu. Kikombe cha unga wa ngano usiokobolewa, kijiko cha chai cha beking pauda, karoti mbili za kukuna, ndizi iliyoiva mpaka ikatoka madoa, yai moja, vijiko vichache vya siagi ya karanga, asali kidogo na maji ya kulainishia. Unachanganya, unaoka kwenye oveni ya nyuzi 180 kama nusu saa, unachomeka kijiti, kikitoka kikavu imeiva. Ikipoa unaipaka mtindi mzito ambao haukutiwa kitu. Sukari hakuna, chumvi hakuna. Gharama yake haifiki nauli yangu ya kwenda kazini na kurudi. Yapo maduka huku yanayouza keki za mbwa kwa bei ya kutia hasira, na hapo binamu zangu wakitukana naitikia.

Lakini visomeni tena hivyo vitu. Karanga, asali, ndizi, yai. Hicho si kikapu cha mama akitoka sokoni? Wanangu wenyewe siku zao wanataka keki yenye rangi ya buluu ambayo hata nzi angeifikiria mara mbili. Anayekula chakula cha Unyamwezi ndani ya nyumba yangu ni mbwa.

Na karanga zina historia yake. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mradi mkubwa wa karanga Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Vita vilikuwa vimekwisha, kwao mafuta ya kula yalikuwa ya mgawo, wakaona ardhi yetu itawakaangia chipsi. Visiki vikashinda matrekta, mvua ikawa na mambo yake, mwaka 1951 mradi ukafutwa. Leo madukani kwao kuna siagi ya karanga iliyotengenezwa mahsusi kwa mbwa. Sina la kuongeza hapo.

Mama yangu alizaliwa Urambo katika miaka hiyo hiyo ya matrekta. Siku yenyewe haijulikani. Kitambulisho cha taifa kinasema Januari mosi, kwa sababu fomu haikubali nafasi tupu. Mbwa wetu naye tulimchukua kwenye kituo cha mbwa waliotelekezwa, na huko pia hakuna anayejua alizaliwa lini, kwa hiyo tunaadhimisha siku aliyoingia kwetu. Wote wawili siku zao ni za kupewa, na aliyekatiwa keki ni mmoja. Binamu yangu wa Nzega ndiye aliyeliona hilo, akaliandika kwa herufi kubwa. Ni pigo zuri, namsifu. Nilimpigia mama siku hiyo hiyo.

"Huyo mbwa analinda nini?" akaniuliza.

"Halindi kitu, mama. Analala sebuleni."

"Basi huyo ni mgeni. Mgeni apikiwe." Kisha akasema yeye keki haimhusu, nikija nimletee sweta la kufunga vifungo, si lile la kuvaa kwa kichwa.

Maneno ya mama yamenisaidia kuliko mabishano yote. Mbwa wa nyumbani tuliyekua naye alikuwa na kazi: usiku analinda, mchana anawindana na wadudu na watoto wa jirani, jioni anapata ukoko wa ugali na vichwa vya dagaa. Jina lake lilikuwa ujumbe kwa jirani, nisilitaje hapa, wahusika bado wapo. Mbwa wa Sheffield hana kazi kama hiyo. Kazi yake nimeigundua taratibu: analeta watu. Nimeishi mtaa huu miaka mingi tukisalimiana kwa kuinua nyusi. Mbwa alipokuja, watu wakaanza kusimama. Wanamuuliza yeye hali kwanza, halafu mimi. Siku ya keki yake majirani walikuja na mbwa wao, wakakaa, wakanywa chai, mzee wa nyumba ya pembeni akasimulia habari za marehemu mkewe mpaka giza likaingia. Kwetu watu wanakutana msibani, harusini, kwenye ngoma, hata kwenye foleni ya maji. Huku lazima utafute kisingizio, na mbwa ni kisingizio kisicholeta ubishi.

Kwa hiyo wanaonitumia ujumbe kwamba Wazungu wanapenda mbwa kuliko watu, sikubaliani nao. Ila na wale tunaoishi nao huku, wanaorudi likizo Tabora wakaanza kuwahubiria wazee kuhusu upendo kwa wanyama, hao wananikera zaidi. Shangazi yangu wa Ng'ambo anafuata madhehebu ya Shafii: chombo alichoramba mbwa kinaoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mbwa wa kwake haingii ndani, lakini hajawahi kulala njaa wala kupigwa jiwe mbele yake. Nani wa kumfundisha?

Kama kuna jambo la kuwasumbua ndugu zetu nalo, ni chanjo. Kichaa cha mbwa dalili zikishajitokeza kwa mtu, karibu hakuna anayepona, na wengi mno wanaougua wameumwa na mbwa. Uingereza waliutokomeza ugonjwa huo kwa mbwa wao mwaka 1922, ndiyo maana wanaweza kukaa sakafuni wakilambwa uso bila wasiwasi. Sisi bado. Mpeleke mbwa wako achanjwe kila mwaka, na mtoto akiumwa osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka robo saa nzima kisha hospitali moja kwa moja, si kesho. Keki inaweza kusubiri.

Na anayetaka kuoka aoke kwa akili. Chokoleti ni sumu kwa mbwa, ndani yake mna kemikali ya theobromini ambayo mwili wake unachelewa kuitoa. Zabibu, mbichi au kavu, huweza kuua figo. Kitunguu na kitunguu saumu huharibu damu. Siagi ya karanga isomwe kwenye kopo: ikiwa na zailitoli (xylitol), ile sukari ya bandia, usimpe hata kidogo, inamshusha sukari ya damu ghafla na kuweza kumuua. Karanga za kukaanga na kusaga mwenyewe bila chumvi hazina shida hiyo, na hapo Tabora mmetuzidi.

Oveni si lazima. Mpwa wangu aliyepo Isevya aliomba vipimo, akaoka kwenye sufuria, makaa chini na makaa juu ya mfuniko, kwa ajili ya mbwa wao Tajiri. Keki ilipotoka wakajaa watoto wa nyumba tatu. Tajiri aliwekewa kipande chake kwenye kopo lake la nje, kilichobaki hakikuonekana tena. Mama naye alionja. Anasema karanga zimekolea, ila mpwa wangu akirudia aweke sukari na asimwambie mtu kwamba ni ya mbwa.