Ule Haukuwa Uchafu, Shangazi

Wiki tatu zilizopita nilirudi nyumbani Lamu kutoka Mokowe nikakuta nyumba inanukia udi, na wavu wangu wa mwani, ule unaonisafishia maji ya tangi la samaki, umeanikwa kwenye kamba pale kiwandani, yaani uani, katikati ya leso mbili, mweupe pepepe. Mweupe kuliko siku niliyoununua. Tulikuwa tunatarajia wageni wa arusi, na shangazi yangu, ambaye hawezi kupita penye kitu kibichi chenye utelezi asikikoshe, aliamua kunisitiri. Aliusugua kwa brashi ya kufulia, akautia sabuni ya unga, akamalizia na dawa ya kung'arishia kanzu.

"Nimekutolea uchafu wote, mwanangu," akaniambia. "Ulikuwa ukinuka hata ndiani."

Nikasema ahsante. Ungesema nini? Mtu amekulea, amekuogesha, leo umfokee kwa ajili ya mwani? Nikaenda msana wa tini, ukumbi wa chini, nikakaa mbele ya tangi, samaki watano wananitazama. Miezi mitatu ya kuotesha, nusu saa ya brashi.

Lakini hasira yangu si ya shangazi. Ni ya wenzangu wafugaji wa samaki wa maji ya bahari, watu wenye vipimo na taa za bei ya pikipiki, niliowasimulia nikitaraji pole. Wakacheka, kisha wakaniambia shangazi amenifanyia hisani. "Sasa nunua mashine ya povu, ile inayotoa mabaki majini kwa viputo vya hewa, ufuge kama watu." Kama watu! Kumbe mimi miaka yote hii nilikuwa nafuga kama kaa.

Basi tuelewane. Samaki akila, anatoa amonia, nyingi yake kupitia matamvua. Bakteria walio kwenye mawe wanaigeuza mara mbili, mwisho inakuwa nitreti, na hapo ndipo safari inapokwama. Nitreti inabaki majini inajilimbikiza, pamoja na fosfeti iliyokuja na chakula. Hiyo ni mbolea. Penye mbolea, maji na mwanga, mwani utamea, upende usipende, uwe na tangi la shilingi elfu kumi au la laki tatu. Kilichobaki kwako ni kuchagua umee wapi: kwenye vioo na mawe, ukikulaani kila asubuhi, au kwenye wavu ulio nje ya tangi, mahali unapoweza kuushika na kuutoa.

Chujio la mwani halina siri zaidi ya hiyo. Pampu inapandisha maji hadi kwenye paipu iliyokatwa mfereji mwembamba kwa chini, maji yanateremka kama pazia juu ya wavu wa plastiki uliokwaruzwa kwa msumeno hadi ukawa na vinyweleo, na taa kali nyekundu inaupiga pande zote mbili. Mwani unapenda hapo kuliko mahali popote: mwanga uko karibu, maji ni membamba na hayasimami. Kwa hiyo unakula kwanza, na ule wa ndani ya tangi unakufa njaa. Tena unaichukua amonia yenyewe kabla haijafika kuwa nitreti. Kila Ijumaa kabla ya sala nautoa wavu, naukwangua nusu (nusu, shangazi, nusu, ili iliyobaki imee tena), na konzi ile ya nyuzi za kijani inayobaki kiganjani, inayonuka kama pwani ya Shela maji yakipwa, ndiyo chakula cha wiki nzima nilichowatilia samaki. Nimekitoa nje kwa mkono wangu. Nionyesheni chujio jingine linalokupa hesabu yake kiganjani namna hiyo.

Kangaja, mmoja wa samaki wangu, hupata kipande kidogo cha mavuno. Najua, najua, nikimrudishia naurudisha mzunguko ulekule. Lakini ukimwona anavyoupokea huwezi kumnyima.

Sasa hili la dawa. Muuzaji mmoja wa Mombasa, aliposikia vioo vyangu vimeanza kushika kijani baada ya ule usafi, alitaka kunitumia kwa basi chupa ya kuua mwani. Matone kadhaa na kwisha. Ndiyo, utakufa. Halafu? Mwani uliokufa hauendi Pate kuzuru jamaa. Unaozea humohumo tangini, unakula hewa ya samaki, na ile mbolea yote uliyokuwa umeifunga ndani yake inarudi majini. Wiki mbili baadaye vioo ni kijani tena na wewe uko dukani na chupa ya pili. Hii biashara ni tamu sana, na naielewa kabisa kwa upande wa muuzaji. Upande wa mnunuzi ndio unaonishinda: mtu mzima analipa pesa kukigeuza kijani kibichi kuwa uozo, kisha anakwenda kumwambia mwenye wavu kwamba yeye ndiye mchafu.

Na eti, kwa wenzangu hao, jambo hili ni la mafundi wa uani! Walter Adey, mwanasayansi wa taasisi ya Smithsonian, kule Washington, alipata hataza ya chujio la namna hii mwaka 1982, baada ya kuchunguza jinsi nyasi fupi za mwani zinavyofanya kazi kwenye miamba ya matumbawe. Huo mwamba ulio nje ya Manda hauna mashine ya povu, nijuavyo mimi.

Tena tunayasema haya Lamu. Lamu hii, ambayo nyumba zake za mawe zilikuwa na birika la maji chooni, na ndani ya birika visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu, na fundi akazamisha bakuli la kaure sakafuni mwa birika ili maji yakiteremka samaki wapate pa kukaa. Maji yalitunzwa na kiumbe hai. Leo mjukuu wa mwenye birika ananiambia maji hayawezi kuwa safi mpaka kiwepo kitu kinachonguruma na kimetoka kwenye boksi.

Haya, mashine ya povu ina faida yake. Inatoa mabaki kabla hayajaoza, na inatia hewa. Nimekubali, tuendelee. Na ndiyo, maji ya chujio la mwani hupiga umanjano usipoyabadilisha. Hata tangi kubwa la matumbawe la Townsville, Australia, lililofunguliwa mwaka 1987 likitegemea mwani, lililalamikiwa kwa hilo. Mimi matumbawe sifugi, nayaacha baharini yalipo, na umanjano mdogo naumaliza kwa mkaa wa chujio na madumu manne ya maji mapya ya bahari ambayo punda huniletea kutoka Shela. Umeme ukikatika pampu inasimama, lakini hata mashine yenu haichezi kwa dua.

Anayetaka kujaribu asiniulize tangi lake ni lita ngapi. Hilo ndilo kosa la kwanza la kila mtu. Ukubwa wa wavu hufuata chakula unachotia kwa siku. Kwa maji, hesabu kama lita 50 kwa saa kwa kila sentimita ya upana. Wangu una sentimita 12, kwa hiyo unapitiwa na lita 600 hivi. Yakipungua sana, pembeni panakauka na mwani unajifia vipande vipande.

Siku ya tisa baada ya brashi, kipimo cha nitreti ambacho kwa miezi kilikuwa manjano kiligeuka chungwa, kisha chekundu. Kwenye mawe zikaota nyuzi. Kitatange, samaki wangu mwingine, akajificha nyuma ya jiwe lake kama mtu mwenye deni. Niliusuuza ule wavu mara saba kuondoa harufu ya dawa, nikaulowesha usiku kucha, nikaurudisha mahali pake. Kwa siku nyingi hakuna kitu. Juzi ukashika utelezi wa hudhurungi, ule mbaya, unaofanana na chai iliyomwagika, ambao ndio huja mwanzo kabla ya kijani.

Shangazi siku hizi kila akija hupitia msana kwanza, kabla ya kuvua buibui. Anainamia wavu, mkono nyuma, kama anayekagua wali usiungue.

"Uchafu wako umemea?"

"Bado, shangazi. Umeshika hudhurungi tu."

"Subiri," akaniambia jana, na akaivuta taa karibu kidogo.