Tumeletewa bangili, mazoezi yamebaki China

Nyumbani, tiba ya Kichina ikitaka kuuzwa ghali hupewa umri kwanza. Miaka 5000! Utaisikia kwenye spika ya gari la matangazo, utaisoma kwenye bango la duka la bangili za sumaku. Mama mdogo kule Tanga kashauziwa moja ili "nishati" imshukie mpaka gotini. Mimi naishi Changsha, mkoani Hunan, ambako sehemu ya ushahidi wenyewe wa kale ilifukuliwa, na haufanani hata kidogo na kinachouzwa kwetu.

Kaburi la tatu la Mawangdui, hapa hapa Changsha, lilifungwa mwaka 168 kabla ya Kristo. Lilipofukuliwa miaka ya 1970, ndani kulikutwa hariri iliyochanikachanika, imechorwa watu 44: wake kwa waume, wazee kwa vijana, wengine vifua wazi. Hakuna mganga anayemwekea mtu mkono. Kila mmoja anajifanyia mwenyewe: huyu kainama, yule kanyoosha mikono, mwingine kashika fimbo. Pembeni mwa baadhi yao pameandikwa mnyama anayeigwa, kwingine maradhi yanayokusudiwa. Mmojawapo ni wa maumivu ya magoti. Magoti! Na dawa yake ni kujinyoosha tu.

Baadaye akaja tabibu Hua Tuo, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 3, na michezo yake ya wanyama watano: simbamarara, kulungu, dubu, nyani na ndege. Alimwambia mwanafunzi wake Wu Pu kwamba bawaba ya mlango haiozi kwa kuwa haitulii. Inasimuliwa kuwa Wu Pu alivuka miaka 90 na meno yake kinywani.

Jina qigong, ambalo leo huitwa mazoezi kama haya ya mwili na pumzi, lilienea kama tiba ya kwenye vituo vya afya miaka ya 1950 tu, kupitia Liu Guizhen, kada wa Chama cha Kikomunisti, na vituo vyake vya Tangshan na Beidaihe. Zoezi ni la kale, nembo ni rika la baba zetu. Ama qi yenyewe, ile nguvu inayosemwa inapita mwilini, sijaona kipimo cha kuionyesha.

Wazee wa bustani ya jirani na kwangu wala hawabishanii hilo. Alfajiri wanaweka kispika chini, sauti inahesabu, wanafanya Baduanjin, mikao minane, taratibu, wengine na viatu vya kitambaa. Hakuna kiingilio. Ukichelewa wanakusogezea nafasi.

Kwetu mzee akianza kuinama na kuinuka barazani, wajukuu watacheka na jirani atauliza kulikoni. Heshima yetu ni kumkalisha: shikamoo, kiti, chai, "pumzika bibi", mpaka viungo vinakakamaa. Hapo ndipo muuza bangili anapopata mteja.

Sisemi China ni peponi. Matapeli wa qigong walishamiri huku miaka ya 1980 na 1990 hadi serikali ikaingilia kati. Lakini kilichobaki bustanini ni cha bure, na kwetu kimevuka bahari kile cha kulipia.

Klabu za jogging za Dar zinajaza barabara wikiendi, nazipongeza, ila mwendo ule ni wa vijana. Mzee wa miaka 70 akimbilie wapi? Klabu moja tu iwatengee wazee nusu saa uwanjani, bila kuuza chochote. Na isiitwe ya Kichina, maana muuza bangili atasikia.