Baina ya jukwaa na Kisarawe kuna miaka 12

Juzi tulikuwa kwenye nyumba ya harusi hapa Langoni, Lamu. Bibi harusi amenyoosha mikono anachorwa piko, ile rangi nyeusi ya maua, na simu inapita mkono kwa mkono: picha ya Jokate Mwegelo, mwanasiasa wa Tanzania, yuko jukwaani anahutubia. Khalati mmoja akasema, "Huyu uzuri wake ndio uliomfikisha." Wenziwe wakaitikia. Mimi nilinyamaza kwa kumstahi, lakini neno lile limenikaa rohoni.

Hebu tuhesabu. Jokate alishindana Miss Tanzania mwaka 2006, na taji hakulivaa yeye, alilivaa Wema Sepetu. Rais Magufuli alimteua kuwa mkuu wa wilaya ya Kisarawe mwaka 2018. Hapo kati pana miaka 12. Alisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akatangaza, akaigiza, akaanzisha biashara yake ya Kidoti, akauza nywele za bandia, ndala na nguo. Kama ni uzuri tu, mwenye taji angetangulia. Lakini Wema alipoomba ubunge wa viti maalum kule Singida mwaka 2015, ndani ya CCM, kura hazikumtosha.

Miaka ile ya biashara ndiyo watu wanairuka, nami siwezi kuiruka kwa sababu naijua. Nakodisha nguo za maharusi. Gauni jeupe likirudi lina doa la piko kwenye mkono, hilo halitoki, hata ulisugue mpaka kitambaa kichakae. Na aliyelivaa ni binti wa ami yako. Sharti umwambie alipe, na Ijumaa mkutane kwenye hitima mkiwa bado ni ndugu. Mwaka wa kwanza nilishindwa, nikameza hasara. Siku hizi naweza kumwambia mtu neno gumu akaondoka hajanuna. Kiongozi hufanya nini kila siku kama si hivyo?

Kwa hiyo niliposikia habari za Kisarawe, kampeni yake ya Tokomeza Zero ya kuinua matokeo ya wanafunzi na ile sekondari ya wasichana iliyojengwa, sikushangaa. Baadaye akapelekwa Temeke, kisha Korogwe, na mwaka 2024 akawa Katibu Mkuu wa UVCCM, umoja wa vijana wa chama cha CCM.

Lipo moja ambalo sitalificha. Ukuu wa wilaya ni uteuzi. Kwetu Kenya mambo ni mengine: Ruweida Obo aliomba kura za kaunti nzima mwaka 2017 akawa mwakilishi wa wanawake, na mwaka 2022 akarudi kuomba kiti cha ubunge cha Lamu Mashariki, mbele ya wanaume, akakipata. Kumfikia mpiga kura wa Kiunga au Kizingitini ni safari ya bahari. Mimi nampa heshima zaidi anayepita njia hiyo, awe aliwahi kuvaa taji au hakuvaa.

Msichana aliyekuwa akichora piko siku ile hakuinua kichwa tulipokuwa tukizungumza. Pembeni yake pana daftari: majina ya maharusi, tarehe, nani ametoa arubuni, nani bado. Ni mzuri wa sura, kila mtu anamwambia. Akija siku moja kuomba kiti cha wadi, namuomba khalati amuulize habari za lile daftari.